Mabegi mgongoni Mui Ne: namna ya kundi la marafiki kujipanga na jua la pwani ya Vietnam

Mui Ne iko pwani ya kusini-mashariki ya Vietnam, takriban kilomita 200 kutoka Jiji la Ho Chi Minh, kwenye ukanda mkavu kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi hiyo. Upande mmoja kuna bahari, upande mwingine kuna matuta ya mchanga mwekundu na mweupe, na katikati ni mji mrefu mwembamba uliojipanga kando ya barabara moja. Watu wanne wenye mabegi wanaweza kukaa hapa siku nne kwa raha na kwa gharama ndogo, mradi wakubali jambo moja tangu mwanzo: ratiba inapangwa na jua. Kundi linaloamka saa tatu, likanywa chai hadi saa nne na kutoka saa tano kwenda matutani, litaungua nyayo, litagombania maji na litarudi gesti na watu wawili wenye kichwa kinachogonga. Kundi lile lile likitoka saa kumi na nusu alfajiri litaona mambo yale yale kwa starehe, na kufikia saa tatu asubuhi limeshamaliza.

Saa zilizotajwa humu ni za Kiswahili. Tiketi na ujumbe wa madereva huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo saa kumi na nusu alfajiri mtaiona imeandikwa 04:30, na saa nane mchana ni 14:00. Mmoja wenu akikosea hapo, gari linaondoka bila ninyi.

Miezi

Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, nyingi ikiwa mvua kali ya mchana ambayo hukatika baada ya muda mfupi. Novemba hadi Machi upepo ni mkali na bahari inachafuka. Huo ndio msimu wa wale wanaoteleza majini kwa tiara, lakini si msimu mzuri wa kuogelea. Machi hadi Mei ni joto lenyewe. Kwa kundi linalotaka matuta na bahari kwa pamoja, tungechagua Desemba hadi Aprili na kuogelea asubuhi tu, kabla upepo haujaamka.

Epukeni wiki ya Tet, mwaka mpya wa Kivietnam. Mwaka 2026 ulianguka tarehe 17 Februari, na mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari. Mabasi hujaa siku kadhaa kabla na baada, vyumba hupanda bei, na migahawa mingi midogo hufungwa. Aprili 30 na Mei 1 nazo ni sikukuu zinazofuatana, na wakazi wa Ho Chi Minh humiminika pwani.

Viza, majina na leseni

Tangu tarehe 15 Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90. Ya kuingia mara moja ni dola 25 za Marekani, ya kuingia mara nyingi ni dola 50. Ombeni kwenye tovuti ya serikali pekee, ile yenye anwani inayoishia na gov.vn. Tovuti nyingine zinazofanana nayo ni za mawakala wanaoongeza ada yao. Muda rasmi ni siku tatu za kazi, lakini jipeni wiki mbili, kwa sababu ombi moja kati ya manne likirudishwa, wote mnasubiri.

Yanayoharibu maombi ni madogo. Jina halikuandikwa lote kama lilivyo kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti. Siku na mwezi wa kuzaliwa vimebadilishana nafasi. Picha ya pasipoti ina mwako wa taa uliofunika herufi za chini. Kituo cha kuingilia kilichochaguliwa siyo mtakachotua. Kaeni pamoja mezani, kila mtu asome fomu ya mwenzake huku ameshika pasipoti ya huyo mwenzake. Jicho la mwenye fomu halioni kosa lake. Viza zikitoka, zisomeni tena namna hiyo hiyo, herufi kwa herufi, kisha kila mmoja achapishe nakala mbili.

Anayetaka kuendesha pikipiki aanze sasa kutafuta kibali cha kimataifa cha kuendesha. Vietnam inatambua kibali cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968. Kile cha mkataba wa 1949 hakikubaliki, hata kama kijitabu kinafanana. Kibali lazima kiwe na daraja la pikipiki na kitembee na leseni halisi ya nyumbani. Kimoja bila kingine ni sawa na kutokuwa na leseni.

Begi

Begi la lita 40 linatosha kila mtu, na kwenye joto hili kila kilo ya ziada mtaijutia. Nguo tatu za juu, mbili kati yake za mikono mirefu na kitambaa chepesi. Suruali moja nyepesi, kaptula mbili, nguo ya kuogelea, kofia yenye ukingo unaofunika shingo, ndala na viatu vya kufunga. Nguo hufuliwa kwa kilo karibu kila gesti na hurudi kesho yake zimekunjwa. Ongezeni mifuko ya plastiki yenye zipu kwa ajili ya simu, maana mchanga wa Mui Ne ni laini kama unga na huingia kwenye tundu la chaji.

Hesabu ya losheni ya jua hukosewa sana. Mtu mzima anahitaji takriban mililita 30 kujipaka mwili mzima, na kujipaka tena kila baada ya saa mbili akiwa juani. Chupa ya mililita 100 basi ni mipako mitatu tu. Watu wanne wakijipaka mwili mzima mara mbili kwa siku watamaliza karibu mililita 240 kila siku. Ndiyo maana tunasisitiza mikono mirefu: ikibaki kupaka uso, shingo, viganja na miguu, chupa moja inamsukuma mtu siku kadhaa. Ngozi nyeusi nayo huungua, ila dalili huchelewa kuonekana, na mtu hugundua usiku anapovua shati.

Kufika kutoka Ho Chi Minh

Mnaweza kwenda kwa basi la vitanda, kwa gari dogo la abiria au kwa treni. Barabara kuu ya kasi ya Dau Giay–Phan Thiet, yenye kilomita 99, ilifunguliwa Aprili 2023 na kupunguza safari sana. Kwa basi hesabuni saa nne hadi tano kwa jumla, kwa sababu ya foleni ya kutoka jijini. Treni huchukua takriban saa nne hadi stesheni ya Phan Thiet, mji jirani, kisha teksi hadi ufukweni.

Basi la vitanda lina safu tatu za vitanda, juu na chini. Unavua viatu mlangoni na kuviweka kwenye mfuko wa plastiki unaopewa, na begi kubwa linaingia tumboni mwa basi. Vitanda vimepimwa kwa mtu mfupi. Mwenye zaidi ya mita 1.75 atalala amekunja magoti. Chukueni vya chini, maana vya juu huyumba zaidi kwenye kona, na msichukue vile vitano vilivyobanana nyuma kabisa juu ya injini. Kiyoyozi ni kikali, kwa hiyo shati la mikono mirefu lisiingie kwenye begi la tumboni. Pasipoti, pesa, dawa na simu hukaa nanyi.

Wakati wa kukata tiketi onyesheni anwani ya gesti yenu kwenye ramani na muulize basi linashusha wapi. Baadhi huishia Phan Thiet mjini, mengine hupita barabara ya Nguyen Dinh Chieu na kushusha kila mtu mlangoni kwake. Tofauti hiyo ni zaidi ya kilomita kumi na teksi juu yake. Kwa watu wanne wenye mabegi agizeni teksi ya viti saba, kwa sababu mabegi manne hayaingii kwenye buti ya gari dogo.

Kulala

Jina Mui Ne hutumika kwa mji wote, lakini kijiji cha wavuvi chenye jina hilo kiko mwisho wa mashariki. Hoteli, gesti na mabweni mengi yako Ham Tien, kando ya Nguyen Dinh Chieu, barabara inayofuata bahari kwa karibu kilomita kumi. Hakuna katikati ya mji. Gesti nzuri iliyo kilomita nne kutoka kwenye chakula itawagharimu teksi kila usiku. Kabla ya kulipa, fungueni ramani na muone ndani ya mita 500 kuna nini: mgahawa wa wenyeji, duka, mahali pa kufikia ufukwe.

Hilo la ufukwe lina uzito, kwa sababu bahari imekula sehemu za pwani na kuacha ukuta wa zege. Maji yakijaa, hoteli nyingine zinabaki na ngazi zinazoishia majini. Tafuteni picha za karibuni zilizopigwa na wageni, siyo za mwenye hoteli.

Watu wanne mara nyingi hupata chumba cha vitanda viwili vikubwa kwa bei inayokaribiana na vitanda vinne vya bweni, na faida ni mlango wenu wenyewe na kiyoyozi chenu. Mkifika, kabla ya kufungua mabegi, washeni kiyoyozi kwa dakika kumi. Kama hakijapoza kufikia hapo, ombeni chumba kingine mchana huo huo. Usiku vitakuwa vimejaa. Angalieni pia kama chumba kina dirisha linalofunguka. Vingine havina, na nguo mbichi hazikauki humo. Mapokezi watachukua pasipoti zenu kuwaandikisha, na kuandikisha wageni ni sheria. Ombeni zirudi jioni hiyo.

Mfuko wa pamoja

Marafiki wengi wanaogombana safarini wanagombania chenji. Anzeni na mfuko mmoja: kila mtu aweke dong 1,000,000 (dong ni sarafu ya Vietnam), mtunza hazina awe mmoja, na abadilike kila siku mbili. Mfuko ulipe basi, teksi, gari la matutani, maji ya kunywa na chakula kinacholiwa katikati ya meza. Bia, kahawa za mtu mmoja na zawadi zibaki nje. Asiyekunywa pombe hachangii pombe, na hili lisemwe siku ya kwanza. Ukifika dong 500,000 jumla, wote waongeze kiasi sawa. Kila usiku kabla ya kulala mtunza hazina ataje kilichotoka na kilichobaki, dakika tatu tu.

Dola moja ni takriban dong 26,000, na sufuri hizo huchanganya watu kweli. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Ukitoa ya pili ukidhani ni ya kwanza, umelipa mara ishirini na tano. Noti ya 10,000 na ya 200,000 nazo hufanana gizani. Dawa yake ni pochi mbili: moja ya 100,000 kushuka chini, nyingine ya 200,000 na 500,000. Bei ikiandikwa 40k au kutamkwa "bốn mươi" bila neno lingine, ni dong 40,000. Mashine nyingi za pesa zina kikomo cha dong milioni 2 hadi 5 kwa mara moja na hutoza kila mara, hivyo toeni kiasi kikubwa mara chache. Mashine ikiuliza kama ikubadilishie sarafu kwa kiwango chake, kataa. Cha benki yako huwa nafuu.

Siku yenye vipande viwili

Jua huchomoza kati ya saa kumi na moja na dakika ishirini hivi na saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, kutegemea mwezi. Kipande cha kwanza cha siku kinaanzia hapo hadi saa nne asubuhi: matuta, bandari ya wavuvi, kuogelea. Saa nne hadi saa tisa na nusu ni kivuli. Huu si muda wa kupoteza. Ni wa kulala, kufua, kula tambi, kupanga tiketi, na kukaa kwenye mikahawa yenye vitanda vya kamba vya kuning'inia, ambako glasi moja ya cà phê sữa đá, kahawa ya maziwa yenye barafu, inakuruhusu kulala saa mbili bila kuulizwa. Kipande cha pili ni kuanzia saa tisa na nusu hadi giza.

Maji ya bomba hayanywewi. Mtu anayetembea kwenye joto hili anahitaji lita tatu hadi nne kwa siku, kwa hiyo wanne ni lita 12 hadi 16. Chupa ndogo ndogo ni ghali na takataka nyingi. Mwombeni mwenye gesti awaagizie dumu la lita 20, mlipe amana ya dumu, kisha kila mtu ajaze chupa zake mbili usiku. Anayesubiri asubuhi atakuta wenzake wameshamaliza yaliyobaridi.

Matuta

Matuta mekundu yako karibu na mji. Meupe, Bau Trang, yako mbali zaidi kaskazini-mashariki, kando ya ziwa la maji baridi lenye mayungiyungi. Njia ya kawaida ni kukodi gari la Jeep kwa nusu siku. Safari ya alfajiri huondoka saa kumi na nusu na kurudi kama saa tatu; ya mchana huondoka kati ya saa saba na nusu na saa nane na kurudi jua likizama. Vituo ni vinne: matuta meupe, matuta mekundu, kijiji cha wavuvi na kijito cha Suoi Tien. Gari zima kwa kawaida ni dong 600,000 hadi 900,000, na bei ni ya gari, siyo ya kichwa. Hapa ndipo idadi ya wanne inapolipa: wanakaa vizuri nyuma na kila mmoja anachangia robo.

Chagueni ya alfajiri. Ile ya mchana inawafikisha kwenye matuta meupe saa tisa, mchanga ukiwa umepikwa tangu asubuhi, na anayevua ndala hapo hukimbia. Alfajiri mchanga ni wa baridi, umekaza kidogo kwa umande, na upepo wa usiku umefuta nyayo zote za jana. Mistari yake midogo imelala sambamba kama iliyochanwa kwa chanuo. Nusu saa baada ya jua kutoka, mistari hiyo imeshakanyagwa.

Kubalianeni haya kabla ya kulipa, yaandikwe kwenye ujumbe wa simu: vituo vyote vinne kwa majina, muda wa kukaa kila kimoja, viingilio viko ndani ya bei au nje, na mnachukuliwa mlangoni au la. Msiposema, dereva atawapa dakika ishirini pale mlipotaka saa nzima.

Kwenye lango la Bau Trang mtaambiwa matuta ni mbali na lazima mkodi pikipiki ya magurudumu manne. Kutembea hadi kwenye ukingo mkubwa ni dakika ishirini hadi thelathini, na mnaweza. Vyombo hivyo hupinduka kwenye mteremko wa upande uliojificha, na mtu akiumia au chombo kikikwaruzika, bili inakuwa juu yenu. Kwenye matuta mekundu watoto na kina mama hukodisha vipande vya plastiki vya kutelezea. Ulizeni bei na muda kabla ya kukalia. Simu ziwe kwenye mfuko wenye zipu wakati wa kuteleza, kwa sababu iliyodondoka kwenye mchanga unaotiririka haionekani tena.

Suoi Tien ni kijito cha maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu, katikati ya kuta za mchanga mwekundu na mweupe. Kinatembewa peku, majini. Saa moja kwenda na kurudi inatosha. Huhitaji kiongozi, maji yenyewe ndiyo njia.

Kituo tunachokipenda kuliko vyote ni bandari ya wavuvi, na kinafaa asubuhi pekee. Mashua kubwa hutia nanga mbali, na samaki huletwa ufukweni kwa thuyền thúng, vyombo vya mviringo kama ungo mkubwa. Vya asili husukwa kwa mianzi na kupakwa utomvu wa mti uitwao dầu rái ili visivuje. Siku hizi vingi ni vya plastiki ngumu. Mpiga kasia husimama na kuzungusha kasia moja mbele yake, kulia kushoto, na chombo kisicho na omo wala tezi kinakwenda moja kwa moja. Wanawake wenye kofia za majani huchuchumaa mchangani wakipanga dagaa, ngisi na kaa kwa ukubwa, kwa kasi ya mtu anayehesabu pesa. Simameni pembeni, msizuie njia ya wabeba vikapu, na ombeni kwa ishara kabla ya kupiga picha ya uso wa mtu.

Pikipiki

Kwa asiye na kibali sahihi tunashauri wazi: asiendeshe. Polisi husimamisha wageni kwenye njia ya kuelekea matutani, faini zilipandishwa tangu Januari 2025, na baya zaidi ni kwamba bima ya safari kwa kawaida hailipi hospitali kwa dereva asiye na leseni halali. Pikipiki za injini isiyozidi 50cc, na za umeme zisizozidi kilowati 4, hazihitaji leseni. Kwa kutembea mjini hizo zinatosha. Mabasi ya abiria nayo hupita barabara hiyo hiyo hadi Phan Thiet. Shikeni noti ndogo.

Mwenye kibali akikodi, apige video ya pikipiki nzima mbele ya mwenye nayo, kila mkwaruzo. Ajaribu breki zote mbili, taa, honi na tairi. Asiache pasipoti kama dhamana, bali fedha taslimu na nakala. Tangi mara nyingi hutolewa karibu tupu, kwa hiyo kituo cha kwanza ni cha mafuta. Kofia ngumu ni sheria tangu Desemba 2007, kwa dereva na abiria. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva tangu 2020 ni sifuri, hata bia moja ni kosa.

Hatari ya barabara ya hapa ni mchanga unaopeperushwa na kulala kwenye kona kama vumbi lisiloonekana. Punguza mwendo kabla ya kona, na usishike breki ya mbele ukiwa umeinama. Abiria ateremke upande wa kushoto, kwa sababu bomba la moshi liko kulia na huchoma shavu la mguu kwa sekunde moja.

Bahari

Ogeleeni mapema. Upepo huanza kupanda kuelekea adhuhuri, na alasiri ya msimu wa upepo maji yamejaa watu wa tiara ambao kamba zao hukata. Mkondo ukikuvuta nje, usipigane nao ukielekea ufukweni. Ogelea sambamba na pwani hadi uachie, kisha ndipo urudi. Mmoja wenu abaki nchi kavu kila wakati, akiwa na simu na vitu vya wengine. Kwa zamu hiyo moja mnazuia wizi na mnakuwa na mtu wa kuita msaada.

Yavuyavu huja kwa vipindi. Aliyechomwa asisuguliwe kwa mchanga wala kumwagiwa maji baridi ya kunywa. Aoshwe kwa maji ya bahari, aondolewe nyuzi kwa kibanio, kisha sehemu hiyo itumbukizwe kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa dakika ishirini au zaidi. Akishindwa kupumua vizuri au uso ukivimba, hospitali mara moja. Namba ya gari la wagonjwa ni 115, ya polisi ni 113.

Kula

Asubuhi bánh canh, tambi nene kwenye mchuzi wa samaki, au bánh căn, vikeki vya unga wa mchele vinavyopikwa kwenye vibakuli vya udongo. Jioni ni vyakula vya baharini, na hapo kuna utaratibu. Kila kitu huuzwa kwa kilo, "ký". Uliza bei ya kilo, uliza kama kupika kumo ndani, chagua mwenyewe, kisha simama kwenye mizani hadi namba itulie. Maji yaliyobaki kwenye mfuko huongeza uzito, omba yamwagwe. Andika jumla kwenye simu na mwonyeshe muuzaji akubali kabla samaki hajaenda jikoni.

Anzeni na sò điệp, kombe wanaochomwa juu ya makaa kwa mafuta ya vitunguu vya majani na karanga zilizopondwa, na mực một nắng, ngisi aliyeanikwa jua la siku moja tu: nje amekauka, ndani bado laini. Barafu yenye tundu katikati hutengenezwa kiwandani. Ile iliyopasuliwa kutoka kwenye bonge waachieni wengine.

Maneno machache ya kuonyesha kwenye simu: "Bao nhiêu tiền?" (bei gani?), "Tính tiền" (bili), "Không cay" (bila pilipili), "Ít đường" (sukari kidogo), "Không đá" (bila barafu).

Joto likimwangusha mtu

Anayelegea, kutoka jasho jingi, kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, mlazeni kivulini, miguu juu, mvueni nguo za ziada, mloweshe na kumpepea. Mpeni maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, siyo vya mlima. Kuzidisha chumvi kunadhuru. Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hiyo ni hatari ya kifo. Msimnyweshe kitu; mpozeni kwa maji mengi mwili mzima huku mkisubiri gari. Kila kundi lichague jozi: wawili wawili, kila mmoja anajua mwenzake amekunywa chupa ngapi na amekojoa lini. Mkojo wa rangi ya chai saa sita mchana unamaanisha mtu huyo hatoki tena hadi jioni.

Kuondoka

Kateni tiketi ya kurudi siku mbili kabla, hasa ya Jumapili alasiri, wakati wakazi wa Ho Chi Minh wanarudi kazini. Kama mna ndege usiku, acheni nafasi ya saa nane kati ya muda wa kupanda basi na muda wa kuruka. Mnaotaka kubeba nước mắm, sosi ya dagaa na chumvi iliyochachushwa kwa takriban mwaka mzima ambayo Phan Thiet inajulikana kwayo, kumbukeni kwamba haiingii kwenye begi la ndani ya ndege ikizidi mililita 100, na mashirika mengi huikataa hata kwenye mzigo kwa sababu chupa moja ikivunjika harufu haitoki. Ulizeni shirika lenu kabla ya kununua. Usiku wa mwisho kung'uteni mabegi nje, mfuko kwa mfuko, na mfute tundu za chaji kwa brashi kavu ya meno kabla ya kuchomeka simu.